Cheo ulichonyimwa ukiwa na miaka 48 kinakufuata hadi kwenye pensheni. Kina mama wa taaluma, tuongee

#1 Mama Lanet

Hamjambo wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni.

Mazungumzo ya usawa wa jinsia kazini hapa kwetu karibu yote ni ya wasichana: wasome, waajiriwe, walindwe dhidi ya wakubwa wanaowasumbua. Nina mabinti, na sitaki mazungumzo hayo yapungue hata kidogo. Lakini tuko pia sisi tulioajiriwa mwishoni mwa miaka ya themanini na miaka ya tisini: wahasibu, wauguzi, walimu, maafisa wa kilimo, makarani wa mahakama. Sasa tuna miaka hamsini na kitu. Tumekwama ngazi moja kwa miaka, tunawafundisha kazi watu wanaotupita, na tukiuliza tunaambiwa tupumzike, tumefanya ya kutosha. Sijaona anayetuandikia, kwa hiyo naandika.

Mimi ni mhasibu katika idara moja ya serikali hapa Nakuru. Jina lake naliacha, kwa sababu ninayoyasema yako kila mahali.

Watu hudhani mwanamke huanza kubaguliwa akizeeka. Sivyo. Akifika 50 ndipo anapokabidhiwa deni la mambo aliyonyimwa tangu akiwa na 30. Angalia inavyokwenda. Ukiwa na miaka 30 inatokea nafasi ya masomo. Mkubwa anakuita kwa upole kabisa: "Wewe una mtoto mchanga, ngoja awamu ijayo." Anaamini anakuhurumia. Anayekwenda ni mwenzako ambaye naye ana mtoto mchanga, ila wake amebaki nyumbani na mama yake. Awamu ijayo inakukuta na mimba ya pili. Ukifika 40 unatangazwa wadhifa unaotaka cheti cha masomo yale yale. Huna. Siku hiyo hakuna aliyekubagua. Karatasi ndizo zimesema. Ukiwa na 48 mkubwa wa idara anahamishwa, unaambiwa shika kiti mpaka apatikane mwenyewe. Unakaimu.

Hapo kwenye kukaimu nataka nikae kidogo. Kazi yote ni yako. Vocha zinakuja kwako, maswali ya wakaguzi wa hesabu unayajibu wewe, na mwaka wa fedha ukifungwa tarehe 30 Juni unayelala ofisini ni wewe. Barua ya kukaimu inaisha, inaletwa nyingine. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inasema mtu akaimu kwa muda usiopungua siku 30 na usiozidi miezi 6. Mimi nilikaimu kupita hapo, na ninawajua kina mama wengine waliopita hapo. Unapewa mzigo wa cheo bila cheo, na mtu anayefanya kazi vizuri akiwa kaimu hampi yeyote sababu ya kuharakisha.

Kisha nafasi ikatangazwa. Nikaingia kwenye mahojiano na faili langu. Swali la kwanza halikuwa la hesabu. Mzee mmoja kwenye kamati aliniuliza, "Mama, kazi hii ina safari nyingi. Mzee nyumbani atakubali?" Mwingine akauliza nimebakisha miaka mingapi nistaafu. Nilijibu yote mawili kwa heshima. Baadaye nilimuuliza kijana tuliyeshindana naye kama aliulizwa kuhusu mkewe na safari. Alishangaa. Hakuulizwa.

Aliipata yeye. Ana miaka 39, ni mchapakazi, ananiita Mama, na vitabu vya idara ile nilimfundisha mimi. Sina ugomvi naye. Lakini haikupita muda kamati hiyo hiyo ikampa mwanamume wa miaka 54 kiti kingine, na kwa huyo miaka ikawa sifa: ana uzoefu, ataituliza ofisi.

Sasa nije kwenye pesa, maana hapa ndipo wengi wetu hatujapiga hesabu. Sisi tuliobaki kwenye pensheni ya zamani ya serikali tunahesabiwa hivi: idadi ya miezi uliyofanya kazi, mara mshahara wa kimsingi wa mwisho kwa mwaka, gawanya kwa 480, unapata pensheni ya mwaka. Neno zito hapo ni "wa mwisho".

Chukua watu wawili walioajiriwa siku moja, kila mmoja amefanya miaka 30, yaani miezi 360. Mmoja anastaafu akiwa na mshahara wa kimsingi wa shilingi 60,000 kwa sababu alikwama. Mwenzake ana 90,000 kwa sababu alipandishwa, hata kama ni miaka michache tu kabla ya kustaafu. Wa kwanza pensheni yake ni 45,000 kwa mwezi, wa pili 67,500. Wakichukua robo kwa mkupuo, kama wengi wanavyofanya, robo ya pensheni ya mwaka huzidishwa mara 20. Wa kwanza anapata shilingi 2,700,000, wa pili 4,050,000. Baada ya hapo wa kwanza anapokea 33,750 kila mwezi, wa pili 50,625.

Tofauti ni 1,350,000 siku ya kwanza na 16,875 kila mwezi unaofuata. Wakiishi miaka 20 baada ya kustaafu, hiyo ya kila mwezi peke yake inafika 4,050,000. Jumla milioni 5.4, kwa watu walioketi madawati yanayotazamana. Na sisi wanawake kwa kawaida ndio tunaoishi zaidi, kwa hiyo kidogo hicho tutakivuta kwa muda mrefu zaidi, wengi wetu tukiwa wajane.

Msidhani haya huwapata wasiojua kujitetea. Wangari Maathai alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, mwaka 1971. Pale Chuo Kikuu cha Nairobi yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walilazimika kupigania marupurupu ya wahadhiri wa kike yalingane na ya wanaume, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kama mtu ambaye mumewe keshamlipia. Mwaka 1982 aliacha kazi agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na alipotaka kurudi chuoni akaambiwa nafasi imejazwa. Nyumba ya chuo akatakiwa kuihama. Nobel ilikuja 2004. Sisi wengine hatuna Nobel ya kutufuta machozi, tuna hati ya mshahara tu.

Naomba mseme yaliyowapata. Na wanaume karibuni, mradi tusitukanane.

#2 Nyar Kano

Mama Lanet, ubarikiwe. Mimi ni muuguzi Kisumu, nimefanya wadi za wazazi na watoto tangu nikiwa msichana, na sasa nina wajukuu.

Kwetu jambo hili linashangaza zaidi kwa sababu uuguzi umejaa wanawake. Ingia zamu yoyote uhesabu. Halafu panda ghorofani kwenye ofisi za wasimamizi, uhesabu tena. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba wanawake ni karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya duniani, lakini kwenye vyeo vya juu ni asilimia 25 tu. Niliposoma nilisema hawa wamepita kwetu.

Wauguzi wa kiume ni wenzetu na ninawapenda. Lakini kijana akiajiriwa leo, mgonjwa anamwita daktari. Mimi niliyemwonyesha jinsi ya kutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji, naitwa sista. Watu wa nje wakija kukagua wanamsalimia yeye kwanza na kumuuliza takwimu za wadi. Anawageuzia kwangu, lakini tayari wameshaamua nani ni nani. Baada ya miaka mitano yuko kwenye usimamizi, hafanyi usiku tena. Mimi na miaka yangu bado nafanya zamu za usiku. Mgongo ndio huo, miguu inavimba, na saa tisa usiku mama anasukuma, huwezi kumwambia ngoja nikae.

Tangu afya ihamie kaunti mwaka 2013 kupandishwa kumekuwa kugumu kwa wote, hilo nakubali. Ila foleni ikisogea, nani anayejua kwamba imesogea? Wanaume wana muda wa kwenda kuketi na wakubwa baada ya kazi, wanasikia nafasi kabla haijatangazwa. Mimi nikitoka zamu nakimbia Nyalenda kumpa mama mkwe dawa, na Ijumaa niko kwenye matatu ya kwenda matanga, kwa sababu mke wa boma asipoonekana jikoni itasemwa mpaka mwaka ujao.

Na mtu asinijie na habari za mila. Mji huu ndio uliotoa meya mwanamke wa kwanza Kenya, Mama Grace Onyango, mwaka 1965. Mwaka 1969 watu wa Kisumu wakamchagua mbunge, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni nchi hii. Alikuwa mwalimu. Wazee wa wakati ule walimkubali mwanamke kuwa mkubwa wa mji mzima. Wadi moja inashindikana vipi leo?

#3 Kijana wa Kondele

Heshima zenu kina mama, lakini niseme ukweli. Nina digrii tangu 2019 sijapata kazi. Serikali iliongeza umri wa kustaafu, mkakaa. Siku hizi kila tangazo limeandikwa wanawake wanahimizwa kuomba. Theluthi mbili, mikopo ya kina mama, kila kitu. Mkifika 50 na nyumba mmejenga, mbona msitupishe? Mnataka cheo cha nini na mnakaribia kwenda nyumbani?

#4 Mama Lanet

Mwanangu, sikukasirikii. Nina wa umri wako nyumbani na digrii yake iko kwenye fremu ukutani.

Umri uliongezwa kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, kwa wanaume na wanawake pamoja. Hujawahi kumwambia mzee yeyote wa miaka 57 ofisini akupishe. Unatuambia sisi. Na kile kiti nilichonyimwa hakikwenda kwa kijana asiye na kazi. Kilikwenda kwa mtu aliyekuwa tayari na kazi na mshahara. Ningekipata mimi, dawati langu la chini lingebaki wazi, na hilo ndilo ambalo mtu kama wewe angeweza kuajiriwa. Mtu akikwama katikati, foleni yote nyuma yake inasimama.

Theluthi mbili umeitaja vizuri. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inataka vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja. Kabla yake Mama Phoebe Asiyo wa Karachuonyo alipeleka hoja ya kuwapa wanawake nafasi, mwaka 1997, na bunge likaiangusha. Katiba ilipokuja wengi wetu tulikuwa tumeshavuka 40 na yale masomo yameshatupita. Kina mama waliopanda juu, magavana 7 waliochaguliwa 2022 akiwemo wa hapa Nakuru, ninawafurahia kwa moyo wote. Lakini mhasibu wa ngazi ya kati hachaguliwi kwa kura. Anapitishwa na kamati ya watu watano ndani ya chumba.

Cheo nakitaka cha nini? Rudia ile hesabu ya 480. Karo ya wadogo zako hutoka kwenye hati ya mshahara ya nani?

#5 Mwalimu wa Vihiga

Niongeze la uhamisho, maana kwa walimu ndilo lililotumaliza.

Nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Mwaka 2018 ikaja sera ya kuwapeleka wakuu wa shule mbali na kaunti zao, na kupandishwa kukafuatana na kuhama. Nikapewa shule ya kuongoza, mbali sana, safari ya siku nzima. Wakati huo mume wangu alikuwa amepooza upande mmoja na ndio kwanza anajifunza kushika kijiko. Mama mkwe naye haoni. Nikaandika barua, nikaeleza yote, nikaomba shule yoyote ya karibu hata kama ni ndogo. Kwenye faili ikaingia kwamba mwalimu amekataa kupandishwa. Nafasi zilizofuata, sentensi hiyo ilifika kabla yangu.

Wenzangu wa kiume walikwenda. Waliteseka pia, nisiwadharau, wapo waliougua upweke huko. Lakini mwanamume akihama anabeba sanduku, na nyumba yake inabaki imesimama kwa sababu mkewe yuko. Wengi wa wake hao ni walimu pia, na ndio hao waliobaki darasani bila cheo ili mume awe mkuu. Mwanamke akihama nani anabaki? Sera haikuandika neno mwanamke popote. Ilitupata hivyo hivyo.

Mwaka 2022 walimu wengi walirudishwa kwao. Nami nilifurahi kwa ajili ya watoto wao. Lakini ngazi walizopanda huko hazikurudishwa, nami ile miaka siwezi kuirudia. Nastaafu nikiwa naibu.

#6 Baba Naliaka

Mimi ni mwanamume, niko Bungoma, nimestaafu. Nilikuwa afisa wa waajiriwa na nimekaa kwenye kamati nyingi za mahojiano kama katibu wa kuandika. Nataka niwaambie kinachosemwa mlango ukifungwa.

Hakuna anayesema hatutaki mwanamke. Hata siku moja sijasikia. Husemwa, "Tunataka mtu mwenye muda." Au, "Huyu mama ni mzuri sana, tukimtoa pale alipo nani atashika ile kazi?" Hilo la pili lina sumu zaidi. Mwanamke anayebeba ofisi anahesabiwa kuwa wa lazima pale chini, na mwanamume ambaye hakuna atakayemkosa akiondoka ndiye anayepandishwa. Halafu alama zinaandikwa mwishoni, baada ya kukubaliana. Jina likishapatikana, alama hulifuata.

Kuhusu "mtu mwenye muda": Claudia Goldin, mwanauchumi wa Marekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2023, alionyesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya pengo la mapato imebaki kati ya mwanamume na mwanamke wa kazi ile ile, na huanza mtoto wa kwanza anapozaliwa. Kazi inayolipa zaidi ni ile inayotaka mtu apatikane saa yoyote anayoitwa. Sasa leta hiyo Bungoma, ambako watoto wakikua wanakuja wajukuu, na wajukuu wakianza shule wazazi wetu wanaugua. Mke wangu alikuwa afisa wa kilimo na hakupumzika hata mwaka mmoja. Nilipanda ngazi nne. Yeye alipanda moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikipikiwa.

#7 Wakili wa Milimani

Nimesoma yote. Niko Kisumu, nafanya kesi za ajira. Nitasema yale ambayo mama anaweza kuyatumia.

Mosi, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5. Inakataza ubaguzi wa jinsia katika kuajiri, mafunzo, kupandishwa na masharti ya kazi, na inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kesi ikifika mahakamani, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Mama akifika na ushahidi wa awali, kama lile swali la mzee nyumbani, ambalo mshindani wake hakuulizwa, anakuwa na pa kusimama. Umri haumo kwenye orodha ya kifungu hicho, lakini umo kwenye Ibara ya 27 ya Katiba pamoja na jinsia na hali ya ndoa. Kwa hiyo aliyepitwa kwa kuwa ni mwanamke mzee atumie zote mbili.

Pili, muda. Madai ya ajira yana miaka 3. Wengi wanakuja ofisini kwangu wakiwa wameshastaafu, jambo lilitokea miaka sita nyuma, nami nabaki kuwapa pole. Mahakama ya Ajira iko Nakuru na iko Kisumu, huhitaji kwenda Nairobi.

Tatu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Mwajiri wako akiwa chombo cha umma, unaweza kuomba kwa maandishi vigezo na alama zako za mahojiano, na anatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Barua hiyo haihitaji wakili. Baba Naliaka ametuambia alama huandikwa vipi. Kamati inayojua kwamba alama zitaombwa huandika kwa uangalifu zaidi.

Asiye na ada aende FIDA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi hapa Kisumu, wanasaidia kina mama.

Na kwa vijana wanaodhani mambo yamekuwa hivi siku zote: sheria ya ajira iliyotangulia hii ilimpa mama miezi 2 ya uzazi na kumnyang'anya likizo yake ya mwaka huo. Leo ni miezi 3 na likizo yako inabaki. Kina mama wanaoandika humu walizaa chini ya ile ya zamani.

#8 Auntie wa Lurambi

Mbona hakuna anayetaja kukoma hedhi? Mimi niko benki, Kakamega. Kwa miaka miwili hivi nilikuwa nikiungua moto mwilini katikati ya mkutano, jasho linanitoka usoni, usiku silali, majina ya wateja wa siku zote yananipotea. Meneja ni kijana, akaanza kusema mama amechoka, apelekwe ofisi ya nyuma. Nilihama kaunta nikapoteza marupurupu yake. Kumbe ni hali inayopita, na kliniki niliambiwa kuna matibabu. Sheria ya Ajira haitaji jambo hili popote, unabaki na likizo ya ugonjwa, siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu. Nani atamwambia meneja wa miaka 34 kwamba anahitaji likizo kwa ajili ya hilo? Tuliongee tu wazi humu, labda meneja mmoja atasoma.

#9 Binti wa Busia

Shikamooni kina mama. Nina miaka 31, niko ofisi ya serikali kuu hapa Busia, upande wa fedha, nilijifungua mwaka jana. Wiki iliyopita mkubwa ameniambia kwa mdomo nikaimu nafasi ya juu yangu "kwa muda". Pia kuna masomo mwaka ujao na nimesikia jina langu limerukwa kwa sababu ya mtoto. Nimesoma uzi huu nikaogopa. Nianzie wapi?

#10 Mama Lanet

Marahaba mwanangu. Usiogope, una miaka mingi mbele.

Anza na masomo. Andika barua kesho, sentensi mbili zinatosha: kwamba unaomba kuzingatiwa kwa nafasi ya mwaka ujao na kwamba umeshapanga malezi ya mtoto. Peleka nakala kwa afisa wa waajiriwa na ubaki na yako yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipokupa, watalazimika kuandika kwa nini, na "ana mtoto mchanga" hakuna atakayethubutu kuliandika.

Wewe kwa umri wako uko kwenye mpango mpya wa pensheni ulioanza Januari 2021. Hesabu yenu si ya mshahara wa mwisho. Kila mwezi unakatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa kimsingi na serikali inaweka 15. Ukikosa nyongeza ya 20,000 kwa kunyimwa cheo, kila mwezi shilingi 4,500 haziingii kwenye akaunti yako, na faida ambayo zingezaa haipo pia. Sisi tungeweza kuokolewa na cheo cha mwishoni. Nyinyi kila mwaka mnaopitwa umeshahesabiwa, ndiyo maana nasema masomo ni sasa.

Kuhusu kukaimu, kubali, kazi unaiweza. Lakini omba barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na posho ya kukaimu. Miezi 6 ikikaribia andika kuuliza nafasi itatangazwa lini. Akikwambia barua itakuja baadaye, mjibu kwa adabu kwamba utaanza siku itakapofika.